Kwa Nini Kalafati ya Paa la Gari-Nyumba Hubambuka, na Jinsi ya Kuitengeneza

Katika Marekani na Kanada yako magari ambayo ni nyumba. Baadhi yake yana injini na huendeshwa kama basi. Mengine ni matrela yanayokokotwa na gari dogo. Ndani yake mna vitanda, jiko, choo na tangi la maji. Familia nyingi huyatumia wakati wa likizo tu, lakini wako pia watu wasiokuwa na makao mengine, wastaafu na vibarua wanaofuata kazi za msimu, ambao hulala humo mwaka mzima. Kwa watu hao paa linalovuja si usumbufu wa safari. Ni nyumba inayooza juu ya vichwa vyao.

Vyombo hivi si vigeni kabisa kwa Afrika Mashariki. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kiwanda cha matrela ya alumini yaitwayo Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town. Msafara huo ulipita Kenya na Ethiopia, na ukafika Cairo mwaka 1960.

Paa la nyumba ya kawaida lina mwinamo, na maji huteremka yenyewe. Paa la gari-nyumba ni karibu bapa, nalo limetobolewa mahali pengi: pa kutolea hewa ya choo, pa dirisha la juu, pa kiyoyozi, pa antena. Kila tundu limefunikwa kwa kifuniko chenye ukingo uliokazwa kwa skrubu, na juu ya ukingo huo hupakwa utepe wa gundi nzito ya kuzuia maji. Utepe kama huo hupakwa pia pale paa linapokutana na kuta za mbele, za nyuma na za ubavuni. Maji yakiingia, ni nadra yawe yametoboa paa lenyewe. Karibu daima yamepita kwenye viungo hivyo.

Kiswahili kina neno la zamani linalofaa gundi hiyo, nalo ni kalafati. Mafundi wa majahazi wa pwani hutia kalafati kwa kusukumiza pamba iliyolowekwa mafuta katikati ya mbao za chombo. Lakini yapo mambo mawili ya kutofautisha. Mbao za jahazi zikilowa huvimba, na kwa kuvimba huibana pamba hata maji yasipate njia. Bahari yenyewe humsaidia fundi. Katika paa la gari hakuna kinachobana. Viungo hutanuka na kuachana mchana na usiku, na kalafati hulazimika kushika kwa nguvu zake yenyewe huku ikinyumbuka. Tena jahazi hutiwa kalafati upya kila baada ya muda, na kila nahodha analijua hilo, ilhali mwenye gari-nyumba aghalabu hudhani kwamba kilichotoka kiwandani kimefungwa milele.

HESABU YA MILIMETA

Kila kitu kigumu hutanuka kinapopata joto, lakini si kwa kiasi kimoja. Meta moja ya alumini hurefuka kwa sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Chuma cha pua kando, chuma cha kawaida hurefuka kwa sehemu 12 hivi, na plaiwudi kwa takriban sehemu 6. Sasa na lichukuliwe paa la alumini lenye urefu wa meta 9 katika jangwa la Arizona. Alfajiri lina nyuzi 15, na saa nane mchana jua limelifikisha kwenye nyuzi 65. Tofauti ni nyuzi 50. Milimeta 9,000 mara 0.000023 mara 50 ni milimeta 10.35. Plaiwudi iliyo chini yake, hata kama ingepata joto lilelile, ingerefuka milimeta 2.7 tu. Kwa hiyo bati linataka kulipita ubao kwa zaidi ya milimeta 7, na usiku linataka kurudi.

Msogeo huo hautokei mahali pamoja. Skrubu huuzuia kwa sehemu, na viungo vya katikati ya paa husogea kidogo kuliko vile vya mwisho. Ndiyo sababu nyufa za kwanza huonekana mbele kabisa na nyuma kabisa. Tuseme, kwa mfano, kiungo kimoja cha pembeni kinafunguka kwa milimeta 1.5. Ikiwa pengo lililojazwa kalafati lina upana wa milimeta 3, kalafati hiyo imevutwa kwa asilimia 50 ya upana wake. Pengo likiwa la milimeta 6, imevutwa kwa asilimia 25. Likiwa la milimeta 12, ni asilimia 12.5 tu. Kalafati nyingi za kisasa zimetengenezwa zivumilie asilimia 25 hivi. Watu wengi hufikiri kwamba pengo jembamba ndilo lililo salama, kumbe pengo jembamba ndilo linaloichana kalafati. Aidha, unene usizidi sana nusu ya upana, kwa maana utepe mnene mno hukataa kunyumbuka na badala yake huvuta kingo zake mpaka zing'oke.

Mwanafunzi anayeishi chini ya paa la bati amekwisha kuyasikia mambo haya kwa masikio yake. Bati la chuma la meta 3 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimeta 1.4, na mlio wa kualika unaosikika wingu linapofunika jua ni wa mabati yanayoteleza juu ya mbao. Misumari ya bati hulegea kwa sababu hiyohiyo.

JUA HUKATA MINYORORO

Kalafati, mpira na plastiki zimeundwa kwa molekuli ndefu mithili ya minyororo, ambayo pingili zake nyingi ni atomi za kaboni. Kulivunja fungo moja la kaboni kwa kaboni kwahitaji nishati ya kilojuli 347 hivi kwa kila moli. Nuru nyekundu, yenye mawimbi ya nanometa 700, hubeba kilojuli 171 tu, hivyo haiwezi kitu. Lakini miali ya urujuanimno yenye mawimbi ya nanometa 300, ambayo kiasi chake hupenya angahewa na kufika ardhini, hubeba kilojuli 399. Hiyo yatosha. Ni kweli kwamba mwali usiofyonzwa haudhuru, na mnyororo safi wa kaboni haufyonzi miali hii kwa urahisi. Lakini hakuna plastiki iliyo safi kabisa. Mna chembe za uchafu, na mna mahali ambapo oksijeni imekwisha kuushika mnyororo tangu kiwandani. Hapo ndipo mwali hupata pa kuanzia, na oksijeni ya hewani huendeleza kazi.

Matokeo ni ya namna mbili. Minyororo ikikatika, uso wa kitu huwa laini au hugeuka unga mweupe unaobaki kiganjani mtu anapopapasa. Minyororo ikifungamana upya mmoja na mwingine, kitu huwa kigumu na hupasuka. Mara nyingi mambo haya mawili hutokea pamoja katika paa lilelile. Joto nalo huharakisha yote, kwani kwa desturi kila nyongeza ya nyuzi 10 hukaribia kuongeza mara mbili kasi ya utendano wa kikemikali.

Kwa ajili hiyo mapaa mengi ya magari haya hufunikwa kwa aina ya mpira iitwayo EPDM, inayotengenezwa kutokana na ethilini na propilini. Mpira wa asili una mafungo maradufu ndani ya uti wa mnyororo, na gesi ya ozoni huyashambulia hayo kama mchwa anavyoshambulia ubao laini. Katika EPDM uti hauna mafungo maradufu. Machache yaliyopo yametengwa pembeni, na yakishambuliwa uti hubaki mzima. Mpira wa jinsi hiyo uliwezekana kutokana na vichocheo vilivyogunduliwa na Karl Ziegler wa Ujerumani na Giulio Natta wa Italia, waliotunukiwa pamoja Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1963.

Kalafati yenyewe ina udhaifu mwingine. Ili iwe laini, huchanganywa na mafuta maalumu ya kulainisha. Mafuta hayo hutoka polepole, mengine hewani, mengine yakiingia katika kile kilichopakwa. Kadiri yanavyotoka, kalafati hunywea na kukakamaa, na siku ya baridi kali ya Kanada hukuta haiwezi tena kufuata msogeo wa kiungo.

KUUSOMA UPANDE WA CHINI

Hata hivyo, kalafati iliyozeeka mara nyingi haikatiki katikati. Hubambuka nzima, ukingo ukijikunja juu kama ganda la mti. Hapa yafaa kutofautisha kani mbili. Ya kwanza ni mshikamano, yaani jinsi molekuli za kalafati zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe. Ya pili ni mwambatano, yaani jinsi kalafati inavyoshika paa. Kipande kilichobambuka kikigeuzwa, upande wake wa chini husema ni ipi iliyoshindwa. Ukiwa laini wenye kung'aa, au una vumbi, basi mwambatano ndio ulioshindwa: paa lilikuwa chafu, au kalafati haikuwa ya jamii ya paa hilo. Mabaki yakionekana pande zote mbili, juu ya paa na chini ya kipande, basi mshikamano ndio ulioshindwa, yaani kalafati imezeeka au pengo lilikuwa jembamba mno. Fundi asiyefanya uchunguzi huu mdogo hutibu ugonjwa asioujua.

Kitu cha majimaji hakiwezi kuambatana na kigumu ila kwanza kikienee juu yake, na hakienei vizuri ila mkazo wa uso wake uwe mdogo kuliko nishati ya uso wa kile kigumu. Mkazo wa uso wa maji ni milinyutoni 72 kwa meta. Kioo safi kina nishati kubwa ya uso, na maji huenea juu yake. Plastiki ya polithini ina 31 hivi, na maji hujikusanya matone. Silikoni iliyokauka ina kati ya 20 na 24, na ndiyo maana karibu kila kitu hukataa kuishika. Silikoni ni nzuri sana kwa bafu na madirisha, tena hustahimili jua kuliko gundi nyingi. Lakini mtu anayeipaka juu ya paa la mpira kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dukani amejiwekea deni: itakapong'oka, utando wake usioonekana hubaki, na kalafati yoyote itakayoufuata itabambuka nao. Katika makosa yote ya ufundi huu, hilo ndilo linalogharimu zaidi.

Jambo la tatu ni namna ya kuvuta. Utepe uliogandishwa ukivutwa kwa kulala, kani hugawanyika juu ya eneo lote. Ukivutwa kwa kuinuliwa ukingo, kani yote hulikuta fungo kwenye mstari mmoja mwembamba, nao hushindwa hatua kwa hatua. Gari likienda kilometa 100 kwa saa, hewa inayolikabili hutoa msukumo wa nyutoni 460 hivi kwa kila meta ya mraba, sawa na uzito wa kilo 47. Juu ya utepe uliolala, msukumo huo si kitu. Chini ya ukingo uliokwisha kuinuka hata milimeta tatu, huo ni ukucha.

Maji nayo hayangoji tundu kubwa. Kati ya bapa mbili zilizo na nafasi ya milimeta 0.1, maji yaweza kupanda karibu sentimeta 15 dhidi ya uzito wake yenyewe. Yakiisha kuingia, husafiri juu ya plaiwudi mpaka yapate kiungo cha chini, kwa hiyo doa la darini laweza kuwa meta mbili kutoka penye ufa. Yakiganda kwa baridi huongezeka ujazo kwa asilimia 9 na kuupanua ufa. Ubao ukibaki na unyevu unaozidi asilimia 20, kuvu wa kuozesha huweza kushamiri, na ukuta huoza ndani huku uso wake wa nje ukiendelea kung'aa.

KAZI YENYEWE

Hufanywa siku kavu isiyo na jua kali. Plaiwudi ya paa mara nyingi ni nyembamba kuliko kidole, hivyo anayepanda hulaza mbao pana na kutambaa juu yake. Watu wamepita ndani ya mapaa yaliyooza bila kutazamia, na wengine wameanguka ubavuni. Spiriti ya kusafishia huwaka, na moshi wa sigara haufai karibu.

Kwanza paa litambuliwe. Alumini hulia ikigongwa. Faibaglasi ni ngumu na laini. EPDM hunyumbuka, kwa kawaida ni nyeusi chini ya uso wake mweupe, na hupaka kiganja unga. Kwa paa la EPDM petroli, mafuta ya taa na dawa zote zitokanazo na petroli ni mwiko, kwani mpira huzinywa ukavimba na kuachana na ubao. Maji ya sabuni, kisha spiriti ya isopropili kwa kitambaa safi, yatosha.

Kalafati iliyolegea huondolewa kwa kikwangulio cha plastiki, kwa kuwa cha chuma huchana mpira. Ile ambayo bado imeshika imara, na ambayo aina yake inajulikana, haina haja ya kung'olewa. Husafishwa na kupakwa nyingine ya aina ileile juu yake. Lakini kama maji yamepita chini ya ukingo wa kifuniko, kupaka juu ni kuficha tu. Skrubu hufunguliwa, kifuniko huinuliwa, na ubao hudungwa kwa bisibisi. Ukiingia kwa urahisi, ubao umeoza na hukatwa. Ukiwa mzima lakini una maji, huachwa wazi siku kadhaa ukauke. Hapa ndipo subira humshinda mwenye gari, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa maana unyevu uliofungiwa chini ya kalafati mpya hauna tena pa kutokea.

Chini ya ukingo hurudishwa utepe wa mpira wa butili. Mpira huu ulibuniwa mwaka 1937 na Wamarekani William Sparks na Robert Thomas, nao ndio uliotumiwa kwa mipira ya ndani ya magurudumu, kwa kuwa hewa hupenya ndani yake kwa shida sana. Utepe wa butili haukauki. Hubaki ukinata na kutiririka polepole mno, na ndiyo sababu skrubu hukazwa leo, kisha hukazwa tena kesho baada ya butili kujipanga. Skrubu zenye kutu hubadilishwa. Kisha juu ya ukingo na vichwa vyote vya skrubu hupakwa kalafati. Penye bapa hutumiwa ile inayojitandaza yenyewe kama asali. Kwenye kuta hutumiwa nzito isiyoteremka. Kalafati ya poliurethani hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, ikianzia juu kwenda ndani milimeta chache tu kwa siku, kwa hiyo ile iliyo kavu kwa kidole yaweza kuwa bado mbichi moyoni.

Penye mchano hubandikwa kiraka chenye gundi yake, kikakandamizwa kwa rola kutoka katikati kwenda nje. Pembe zake zikatwe mviringo. Pembe kali ni mahali ambapo mstari wa kubambuka huwa mfupi kupita kote, na kitu kidogo tu huuanzisha.

Kupima, maji ya mpira wa bustani humwagwa bila shinikizo, kuanzia sehemu ya chini ya paa kwenda juu, kiungo kimoja kwa wakati, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Wanaoanzia juu huona maji yakiingia lakini hawajui yameingilia wapi. Baada ya hapo, ukaguzi mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya majira ya baridi, huwagundulia wengi ukingo ulioinuka kabla haujawa ufa.

KATIKA MAABARA YA SHULE

Mwalimu aweza kuonyesha sehemu kubwa ya mambo haya kwa selotepu, kipande cha kioo na chupa tupu yenye uzi. Selotepu yenye upana wa sentimeta 2 hubandikwa juu ya kioo safi kwa urefu wa sentimeta 5, na chupa hufungwa kwenye ncha iliyoachwa huru. Mara ya kwanza kioo husimamishwa wima, chupa ikivuta selotepu kwa kulala. Mara ya pili kioo hulazwa juu chini, chupa ikining'inia na kuvuta kwa pembe mraba. Maji hutiwa kidogo kidogo mpaka selotepu iachie, kisha hupimwa, na wanafunzi huandika uwiano wa vipimo hivyo viwili. Jaribio hurudiwa kwa kioo kilichopakwa mafuta ya kupikia kidogo na kupanguswa, kwa kioo chenye vumbi la chaki, na kwa kipande cha ndoo ya plastiki. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichopimwa urefu, kikawekwa ndani ya mafuta ya taa kwa siku moja na kupimwa tena, kitaeleza kwa nini petroli ni mwiko juu ya paa. Kama shule ina silikoni ya kuzibia madirisha, ipakwe nyembamba juu ya kioo na kuachwa ikauke siku mbili, kisha selotepu ibandikwe juu yake. Jaribio hilo lifanywe la mwisho, na chupa iwe tupu: mara nyingi haihitaji kutiwa maji.